Maji ya Mto Ule Ule

Kulesa, 12 Oktoba 1958

Kaka Danson,

Naanza na nyumbani, kama ulivyonizoesha. Mama ni mzima ila mguu unamsumbua asubuhi, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama mahindi nayo yatapumzika. Nyani wamemaliza shamba la juu, walichobakiza ni mabua na uchafu wao. Mtoto wa dada Florence ameota meno na anauma kila anayembeba. Kanisani bado unaombewa kila Jumapili kwa kuwa kijana wa kwanza wa hapa kuingia chuo cha biashara Nairobi, na mama anapenda kukaa mbele siku hizo ili aonekane akisema amina.

Sasa nije kwenye maswali yako ya mazoezi, ninayoyafanya jioni nikitoka kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Kaka, yamenitia kinyaa. Chuo kinafungulia wasichana mlango kwa mara ya kwanza, nami nilidhani mtihani wao utaniuliza jinsi ya kununua mpunga Garsen na kuuza Malindi, ili siku moja sisi wenyewe tuwe na duka la wakulima badala ya kupunjwa na yule mwenye mizani ya uongo. Badala yake nakuta hivi: "Watu wote wa mtoni ni wavivu. Komora ni mtu wa mtoni. Nini kinafuata?" Kinachofuata ni kwamba aliyeandika swali hajawahi kushika jembe. Nilijibu hivyo, nawe umenikosesha.

Halafu lile la pili: "Kila mafuriko huleta njaa. Mwaka huu mto umefurika. Nini kinafuata?" Nikaandika kwamba utafuata mpunga. Umelipiga jibu langu mkwaju mwekundu mrefu kama umekasirika. Kaka, umezaliwa wapi wewe? Mto usipofurika ndipo tunapolala na njaa. Baba alikuwa akichomeka fimbo ukingoni na kwenda kuitazama kila asubuhi, akiona maji yameimeza anarudi akiimba. Umesahau?

Nipe maswali ya watu wenye akili. Lakini nipe, maana kiti hiki nakitaka kuliko kitu chochote.

Mdogo wako,
Elsie


Nairobi, 3 Novemba 1958

Mdogo wangu Elsie,

Nimefurahi kusikia mama ni mzima. Mwambie asikanyage tope asubuhi kabla ya jua. Mimi sijambo, isipokuwa chakula. Maharage yana wadudu, na mpishi akiulizwa anasema wadudu nao ni nyama. Watu ninaokaa nao hawaogi. Siku hizi nakula nikiwa nimeziba pua.

Kuhusu masomo, sikia vizuri na uache ubishi wa kisimani. Mtihani huu haukuulizi unajua nini, wala baba alichomeka fimbo wapi. Unakuuliza kama unaweza kufuata hoja. Mtunga swali akishasema mafuriko huleta njaa, basi huleta njaa. Akisema watu wa mtoni ni wavivu, na wewe ni mvivu mpaka utakapogeuza ukurasa. Mambo unayoyajua kwenu yaache nje ya mlango, pamoja na viatu vyenye tope. Mimi nilijifunza hivyo na nikapita. Kila ofisi ya serikali na kila kampuni inaendeshwa hivyo: mkubwa anatoa taarifa, wewe unatoa hitimisho. Anayeanza kuuliza kama taarifa ni ya kweli hafiki mbali.

Naambatisha maswali mengine. Yafanye bila kucheka wala kutukana pembeni ya karatasi. Mara iliyopita ulimwita mtunga swali punda, na punda hatoi alama.

Usichelewe kujibu. Anwani ni ile ile ya rafiki yangu Buya, sanduku lake la posta.

Kaka yako,
Danson


Kulesa, 14 Desemba 1958

Kaka Danson,

Mama anakusalimu. Mguu umepoa, sasa ni jino. Mto umejaa kweli kweli, umeingia mashambani mpaka magotini na watu wana furaha, ingawa kwa mtunga swali wako ni kilio. Kivuko cha Garsen hakivuki na barabara ya Malindi imekuwa bwawa. Mwenye duka Garsen hajapata posta tangu mwezi uliopita, na analalamika kama mwenye msiba kwa sababu hana sigara wala gazeti.

Barua yako, hata hivyo, ilifika. Mzee Shee wa Ndera aliniletea na mtumbwi wake alipokuwa akishuka kutoka juu. Nilishangaa kidogo. Nikamkaribisha maji, akanywa, akanisimulia habari za safari yake, kisha akaenda zake.

Huku kuna habari moja ya kuchefua. Alikuja mtu anayenunua kuku na ndizi kwa ajili ya kambi ile ya wafungwa huko juu mtoni, ambako wanawachimbisha mifereji watu waliotolewa bara. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akamwambia, "Kuku wangu hawaendi kwa watu wanaowafunga wenzao minyororo. Toka na kapu lako." Yule mtu akacheka na kusema hata vijana wa huku wanakula mshahara wa kambi. Mama akasema mtoto wa mtu yeyote anayekula mshahara huo hatakanyaga kizingiti chake. Nilikuwepo, kaka. Sijawahi kumwona mama akitema mate mbele ya mgeni, lakini siku hiyo alitema.

Maswali nimeyafanya. Nimeacha viatu vyangu mlangoni, kama ulivyotaka. Nimekubali kwamba wanawake wote ni waoga, kwamba kila mfanyabiashara ni mwaminifu, na kwamba ng'ombe wa jirani zetu Waorma wana mabawa. Nimepata yote, nadhani. Nilipomaliza nilikwenda kunawa mikono.

Elsie


Nairobi, 6 Januari 1959

Elsie,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama na kwa Florence. Jino la mama ling'olewe, wasilitie dawa za majani mpaka taya livimbe.

Umepata yote. Nilijua unaweza ukitaka. Sasa tunaingia sehemu ya pili ya mtihani, ambapo unapewa hoja ya mtu na unaulizwa ina upungufu gani. Hapo ulimi wako utafaa. Tazama mtu amesema nini, halafu tazama ameacha kusema nini. Mara nyingi jibu limekaa hapo alipoparuka.

Habari za posta hazinihusu, barua zina njia nyingi. Na mwambie mama asiwe mwepesi wa kulaani watoto wa watu. Mtu huenda kazini kwa sababu kazi ipo, si kwa sababu anaipenda. Kuna watu wanakula wakiwa na kichefuchefu na bado wanakula.

Mtihani ni mwezi wa Aprili, Mombasa. Utafikia kwa Mwanaarusi, yule aliyekaa nasi utotoni. Nimemwandikia.

Danson


Nairobi, 17 Machi 1959

Elsie,

Salamu kwa wote. Sina nafasi ya kuandika marefu.

Hili halimo katika kitabu cha mazoezi, lakini lifanye kwanza kabla ya mengine.

"Watu walikuwa wakifanya kazi juani. Waliletewa maji ya mto kwa gari la maji. Baada ya kunywa, baadhi yao walikufa. Hitimisho: maji ndiyo yaliyowaua."

Je, hitimisho linafuata? Nataka uniambie kwamba linafuata, au kama kuna neno moja la kuongeza ili lifuate. Wewe una jicho la mambo haya kuliko mimi. Jibu upesi na usimwonyeshe mtu.

Danson


Kulesa, 2 Aprili 1959

Danson,

Mama ni mzima. Florence ni mzima. Mpunga ulikuwa mwingi kuliko mwaka jana. Salamu zimekwisha.

Halifuati.

Kila jioni kengele ya kanisa ikilia, mbu hutoka. Hakuna mtu hapa, hata mjinga wetu wa kwanza, aliyewahi kusema kengele inazaa mbu. Watu walikunywa maji, watu wakafa. Umeviweka vitu viwili kando kando ukategemea nitaviunga kwa ajili yako. Na ulinifundisha mwenyewe nitazame mtu alipoparuka. Waliletewa maji baada ya nini? Walikuwa wamefanywa nini kabla ya hapo? Umeliruka hilo kama mtu anayeruka kinyesi njiani, halafu unataka niseme njia ni safi.

Unauliza neno la kuongeza. Hakuna neno kama hilo. Maji ya mto huu ndiyo tuliyoogeshwa siku tuliyozaliwa. Baba aliyanywa mpaka kufa kwake, na aliuawa na homa. Mama ameyanywa leo asubuhi. Ndera wanayanywa, Kulesa tunayanywa, ng'ombe wanayanywa. Yangekuwa yanaua, pasingekuwa na mtu wa kuandikiwa barua hii.

Redio ya mwenye duka Garsen imetangaza habari za wafungwa waliokufa huko kambini, na imetaja maji, si virungu ambavyo wanaoshuka na mitumbwi wanavisimulia. Watu waliokuwa dukani walicheka kwanza, maana walidhani ni mzaha. Halafu mwenye duka akaizima. Mzee mmoja alitoka nje kwenda kutapika.

Sasa nikupe na mimi hoja, kaka, nawe utazame kama ina upungufu. Barua inayoandikwa Nairobi hupitia Mombasa na Malindi mpaka Garsen. Mwezi wa Desemba njia hiyo ilikatika na hakuna aliyepata barua. Yangu ilikuja na mtumbwi kutoka juu. Mzee Shee aliponywa maji kwangu aliniambia nani alimpa: kijana mrefu mwenye shati jeupe na kovu juu ya nyusi, anayeongea Kipokomo cha kwetu, alimpa mkononi mwake nje ya lango la kambi. Kovu hilo nililiweka mimi, kwa kigae cha chungu, tukigombania ukoko wa wali.

Nimekaa na jambo hilo tangu Desemba. Nilijiambia Shee ni mzee, haoni vizuri. Nilijiambia ulipita tu. Ulitaka maswali ya mazoezi yanifikie mapema nisije nikakosa mtihani, na huo ndio wema uliokuumbua. Buya anakutumia barua zangu, sivyo? Na ulitoka chuoni lini? Kanisa zima linaomba kila Jumapili kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hayupo.

Mama sijamwambia. Siku hizi nakaa nyuma kanisani, nisimwone akisema amina.

Elsie


25 Aprili 1959

Elsie,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba Mwanaarusi alikupokea vizuri Mombasa. Natumaini pia hukumwita mtu punda kwenye mtihani.

Mimi ni karani. Nataka ulielewe neno hilo. Nakaa mezani, napiga taipu, natafsiri anachosema huyu kwa yule. Sikuinua mkono wangu juu ya mtu yeyote. Siku ile nilikuwa ndani, na madirisha ya ofisi yanatazama upande mwingine.

Chuo niliondoka baada ya muhula wa kwanza. Sikuondoka kwa wizi wala ulevi, usije ukafikiri hivyo. Sababu yenyewe haiandikwi. Ningerudi nyumbani na kusema nini, wakati walinisindikiza kwa nyimbo mpaka kivukoni?

Hujui harufu ya hapa. Naoga mara mbili kwa siku na bado naisikia kwenye nguo. Mkubwa ananiita kijana wake mwerevu, na kila akinigusa begani nataka kuvua shati nilichome. Lakini taarifa hutolewa na mkubwa. Nilikwambia tangu mwanzo mambo yanavyokwenda.

Usimwambie mama. Nakuomba, Elsie. Mengine yote sema unavyotaka.

Danson


Kulesa, 14 Juni 1959

Kaka Danson,

Mama anaendelea vizuri. Jino limeng'olewa na amelifunga kwenye kitambaa, hataki litupwe. Florence ana mimba nyingine na anajifanya hana.

Nimepita. Barua ya chuo imekuja Jumanne, nami nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Katika sehemu ya hoja nimekuwa wa juu kabisa katika waliofanyia Mombasa. Kulikuwa na swali la mtu aliyefungua duka, mvua ikanyesha, duka likafilisika, na mwandishi akailaumu mvua. Nililichana lile swali vipande vipande. Wewe ndiye uliyenifundisha, na sikatai.

Mchungaji ametangaza kanisani. Mama alilia, kisha akasema sasa mko wawili.

Chuo kinataka baba wa msichana, au kaka mkubwa kama baba hayupo, aandike sahihi ya kumdhamini. Karatasi iwe imewafika kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo kiti wanampa mwingine. Nimeiambatisha. Kwa sheria yao, wewe ndiye mlango wangu.

Nina swali moja tu, na nitalipokea jibu lolote kama ni la kweli. Taarifa ile ya maji, ile iliyosomwa redioni: wewe ndiye uliyeitia sahihi kama shahidi kwamba mambo yalikuwa hivyo? Ulikuwa unaniuliza mwezi wa Machi kabla ya kutia sahihi, au ulikuwa umeshatia ukatafuta wa kukufariji? Andika ndiyo au hapana. Kama ni ndiyo, na umejuta, andika hivyo pia. Nitakuja mwenyewe huko juu na mtumbwi nikutoe kwa mkono, tumkabili mama pamoja.

Kama hutaki kuandika mengi, andika neno hilo moja nyuma ya karatasi.

Elsie


1 Julai 1959

Mdogo wangu mpendwa Elsie,

Hongera! Hongera tena! Nilipoisoma barua yako nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi. Mpe mama mkono wa heri kwa niaba yangu. Mwambie Florence ajitunze na asibebe mitungi. Msalimie mchungaji, na walimu wenzako wote, na wale wa ng'ambo ya mto, na yeyote atakayeniulizia.

Nairobi kuna baridi mwezi wa Julai na Agosti. Chukua sweta, na blanketi lako mwenyewe, maana ya bweni yana kunguni. Usikubali kukopesha kitabu. Usitembee na wasichana wanaojipaka poda darasani. Kwenye somo la barua za biashara, mwalimu anapenda sentensi fupi.

Karatasi yako hii hapa, nimetia sahihi pote palipotakiwa, kwa wino mweusi kama walivyoagiza. Nimeipiga pasi ili isionekane imekunjwa njiani.

Mungu akutangulie.

Kaka yako akupendaye,
Danson Komora


Kulesa, 19 Julai 1959

Danson,

Karatasi imefika. Niligeuza nyuma kwanza, kabla ya kuitazama mbele. Nyuma ni nyeupe.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kwa kweli ni nzuri. Umemtaja kila mtu. Umetaja kunguni, poda, sweta na mitungi ya Florence. Nilikuuliza jambo moja na hilo tu ndilo hukuligusa. Huhitaji kunipa majibu ya kuchagua. Kwa hoja za namna hii nimepewa alama za juu Mombasa.

Sahihi yako ni nzuri pia, imelala vizuri kwenye mstari. Niliitazama nikawaza kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyo chini ya taarifa ya maji, kwa wino huo huo mweusi, pengine kwa kalamu hiyo hiyo. Watu wamekufa na mkono huu umeandika kwamba mto wetu umewaua. Mkono huo huo sasa unaandika kwamba mimi ni msichana mwaminifu wa kuaminika. Nilihisi kama nimepewa wali kwenye sahani iliyolambwa na mbwa. Nilikuwa na njaa ya wali huo, Danson, unajua nilivyokuwa na njaa. Nimeshindwa kuula.

Nimekurudishia karatasi yako ndani ya bahasha hii. Mchungaji aliandika nyingine kwa mkono, akaeleza kwamba baba ni marehemu na kaka hapatikani. Nilimwambia mama kwa nini hupatikani. Sikupamba wala sikupunguza. Alikuwa anapepeta mpunga, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, kisha akaniuliza kidole gumba kinapakwa wino namna gani. Akaweka alama yake pale walipotaka sahihi ya mwanamume. Mchungaji anasema huenda chuo kikaikataa. Nimeituma hivyo hivyo na lori la juzi. Wakikataa, Januari utanikuta hapa, darasa la kwanza, nikifundisha watoto wa watu kuandika majina yao, na nitawaambia wachunge wanapoyaandika.

Mama hajakulaani. Nilimkumbusha alichosema juu ya kizingiti, akasema kizingiti ni chake, atakavyo. Siku utakayorudi hatakufungia mlango, wala hatakuuliza neno. Ameniagiza nikuandikie hivi kama alivyosema: utaketishwa pale alipokuwa akikaa baba, na kabla ya salamu, kabla ya chakula, utapewa maji kama mgeni yeyote anavyopewa. Kata nzima ya kunywea, iliyojaa maji ya mto yaliyotekwa asubuhi hiyo.

Utayanywa yote mbele yetu, nasi tutakuwa tumekaa tunakuangalia.

Elsie